Alama ya Meno ya Kavira

Sisi tuliokulia juu ya milima ya Alimbongo, mashariki mwa Kongo, katika miaka ambayo barabara kuu ilifagiliwa kila asubuhi na lori moja likipita lilitosha kutuacha na mazungumzo ya wiki nzima, tunaijua baridi. Ukungu ulikaa mlangoni hadi jua lilipoufukuza, na mtoto aliyetumwa bustanini kukata majani ya kitunguu alirudi na vidole visivyoweza kufunga kifungo cha shati. Ninaandika haya Mususa, hapa Butembo, nikiwa mzee na mwalimu aliyestaafu. Vita vimeikata nchi vipande, na kila unayekutana naye ana habari aliyoisikia kwa mtu aliyeisikia kwa mwingine. Habari za namna hiyo sizipokei. Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu, na palipo na neno la kusikia nitasema kuwa ni la kusikia. Jambo lenyewe ni vitunguu, na wivu.

Vijana wa leo wanadhani kitunguu huzaliwa ndani ya gunia. Mjukuu wangu, kijana mwenye viatu vilivyotoka Dubai na nyimbo za Kilingala asichokielewa, aliniona nimeinama kwenye tuta akaniuliza: «Koko, matungulu si iko mu soko? Juu ya nini unajichokesha?» Nilimtazama viatu, nikaendelea na kazi yangu. Mvua mbili baadaye soli za viatu vile zilikuwa zimebanduka, na vitunguu vyangu vilikuwa vimeongeza majani.

Vitunguu vya nyumbani kwetu havikuwa hivi vyekundu vya mviringo vinavyopandwa kwa mbegu, vikang’olewa, vikaisha. Vilikuwa vitunguu vya kudumu. Kitako cha kila kimoja ni kidogo na cheupe, majani yake ni membamba, na shina moja hujizalia mengine ubavuni hadi yanakuwa fungu lililobanana kama watoto chini ya blanketi moja. Hatukuving’oa. Tulikata majani vidole viwili juu ya udongo, nayo yakarudi, mwaka hadi mwaka. Chungu cha viazi na maharage kilipoteremshwa jikoni, mafuta ya mawese yakiwa bado yanatokota pembeni, Mama alinyunyizia majani yale mabichi juu yake, na harufu ilitoka nje ikatukuta tulipokuwa tukicheza mpira wa matambara chini ya mikaratusi. Hakuna aliyehitaji kuitwa. Jani lenyewe lina uwazi ndani kama mrija. Tulilibana ncha, tukalipuliza, likalia kama mbuzi mwenye mafua. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa na desturi ya kufungua madirisha yote kabla ya kufungua kitabu, na sababu tuliijua.

Kila mwaka, mvua za Agosti zilipoanza kulainisha udongo, ilikuja siku ya kugawa. Mama alichimbua fungu kubwa lililokaa karibu na mlango wa jikoni, akaketi na kulitenganisha kwa vidole gumba, taratibu, ili kila shina liondoke na kitako chake na mizizi yake, maana lisilo na kitako haliwi kitu. Shina la katikati, lililo kongwe kuliko yote, tuliliita shina mama. Hilo halikugawiwa, lilirudishwa katika shimo lake. Yaliyobaki alitugawia mimi na dada yangu Kavira, aliyenifuata kwa kuzaliwa, mashina sita kila mmoja, kwa sababu sisi wawili ndio tuliokuwa na umri wa kuwa na tuta.

Kabla ya kuachia mashina, Mama aliuliza: «Nani anakupatia?»

Nasi tulipaswa kumtazama usoni na kujibu: «Ni weye, Mama.»

Kisha mtoto naye aliuliza: «Na weye, nani alikupatia?»

«Mama yangu, siku ya ndoa yangu.»

Bila maneno hayo hakuna kitunguu kilichohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine katika milima yetu. Kitunguu kilikuwa na ukoo, na ukoo ulitajwa. Watu walisema pia kwamba kitunguu cha kuibwa hakichipui. Hilo ni neno la kusikia, nami nitalirudia kwa ushahidi.

Kabla ya kupanda, ncha za majani hukatwa ili shina lisichoke kulisha majani marefu wakati bado halijashika mizizi. Mimi nilikata kwa kisu. Kavira alikata kwa meno. Alikusanya majani ya shina moja, akayatia kinywani, akayauma mara moja. Alikuwa na mwanya mpana katikati ya meno ya mbele, kwa hiyo kila jani lililopita hapo lilibaki na ulimi mdogo katikati usiokatika. Nilimwambia kuwa ni uchafu. Alicheka, majani yakiwa kinywani.

Vitunguu vya Kavira vilistawi. Sijui niseme nini zaidi. Tulipewa siku moja, mashina ya fungu moja, katika udongo mmoja. Baada ya mwezi vyangu vilikuwa kama ndevu za kijana, na vyake vilimfikia mtu magotini. Majirani walipopita uzioni walisema: «Huyu mutoto iko na mukono muzuri.» Baba yetu, mzee wa kanisa aliyekuwa mgumu wa kusifu, alionja mboga na kuuliza: «Hii ni ya Kavira?» Hata mbuzi wetu siku alipovunja uzio alipita juu ya tuta langu bila kusimama, akaenda kula kwake. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa miaka mitatu mfululizo. Nilijua kugawanya namba ndefu na kutaja mito ya Kongo kwa Kifaransa. Hakuna jirani aliyesimama uzioni kusikiliza mito.

Mwaka mmoja niliamua kumshinda kwa elimu. Shuleni misheni tulikuwa na bustani ya puaro, wale jamaa wa vitunguu wenye shingo nene, na mwalimu alitufundisha kuwarundikia udongo hadi shingoni ili sehemu nyeupe irefuke. Nililihifadhi somo hilo. Baada ya kugawiwa mashina yangu sita, niliyapanda kwa kina, nikayarundikia udongo kwa jembe hadi zikabaki ncha tu.

Mama alipita na ndoo ya maji, akasimama. «Unafanya nini? Unazika mutu?»

«Ni mambo ya masomo, Mama.»

Alinitazama kidogo, akaendelea na safari yake.

Mvua ilinyesha wiki mbili bila kupumzika. Kilichomfaa puaro kilikiua kitunguu chetu, ambacho hutaka shingo yake ipate hewa. Nilipofukua, nilikuta vitako vimekuwa laini kama uji, vikinuka. Nililijua kosa langu hapohapo, na lau ningelitamka siku ile, nisingekuwa na jambo la kuandika. Lakini hatua tatu kutoka hapo lilikuwa tuta la Kavira, mashina sita yamesimama wima, kila jani na ulimi wake.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili. Wengine walikuwa wakioga nyuma ya nyumba. Niling’oa mashina yake sita nikayapanda kwangu, na yangu yaliyooza nikayasimamisha katika mashimo yake. Nilisawazisha udongo kwa kiganja. Ibada nzima niliketi juu ya mikono yangu, kwa sababu ilinuka.

Siku mbili baadaye Mama alituita wote wawili.

«Kavira, kuya hapa. Angalia. Bitungulu byako binaoza.»

Kavira alitazama tuta lake, kisha akatazama langu. Nakumbuka uso wake vizuri kuliko ninavyokumbuka nyuso za watu niliozika mwaka huu. Mama aliinama juu ya tuta langu, akainua jani moja kwa kidole.

«Na huku? Haya majani yalikatwa na meno ya nani?»

Mimi, wa kwanza darasani, niliificha mikono yangu nyuma.

«Ni ya mie, Mama,» Kavira akasema. «Nilimusaidia yaya kukata. Kisu ilikuwa imepotea.» Yaya ni mimi; ndivyo mdogo anavyomwita mkubwa wake kwetu.

«Ilipotea?» Mama aliuliza. Kisu kilikuwa mkononi mwake. «Aa. Na byako juu ya nini binaoza?»

«Pengine nilipanda mubaya.»

Mama aliupangusa udongo kwenye kisu. Kisha akatoa hukumu ya kawaida ya nyumbani kwetu: mtoto ambaye vitunguu vyake vimeoza hubeba samadi ya mbuzi hadi kwenye tuta la mwenzake, msimu mzima. Kavira akabeba. Kila asubuhi kabla ya jua alipita mbele ya dirisha langu na kikapu kichwani, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya puani, akaweka samadi kwenye tuta ambalo kila kilichokuwamo kilikuwa chake. Akapalilia. Akavunja mabua ya maua mapema ili nguvu irudi chini. Vitunguu vikafika magotini, na majirani wakasimama uzioni wakasema: «Kumbe masomo inasaidia!»

Nilikuwa nimengoja mwaka mzima nisimamiwe uzioni. Niliposimamiwa, nilitamani wapite. Nilikuwa nimemnyang’anya kila kitu ambacho watu walimsifia, naye akabaki akiimba. Na huo wimbo ndio niliouonea wivu kuliko vitunguu. Kama angelia, ningemhurumia na pengine ningekiri. Kama angenishitaki, ningemchukia kwa haki. Hakuniachia mlango wowote. Sikumwambia asante wala nisamehe. Nilimwambia asiimbe, ninasoma.

Miaka ilikwenda. Nilipelekwa shule ya ualimu. Kavira akaolewa Mavivi, upande wa Beni, na siku ya ndoa yake Mama alichimbua fungu la mlangoni, akachukua shina mama lenyewe, akalifunga kwa jani la mgomba na kumtia mkononi. Mimi nilikuwa kifungua mimba. Nilikuwa na cheti. Nilimfuata Mama jikoni nikamwuliza kwa nini.

«Weye uko na byako,» akasema, wala hakugeuka.

Ndipo nilipofahamu kwamba alijua tangu siku ile, na kwamba alikuwa amenisubiri nikiri miaka yote.

Nakiri kwamba nilingoja shina lile life. Mavivi ni chini, kuna joto, na nilijiambia kuwa kitunguu cha baridi hakitastahimili. Mtu mmoja aliniletea habari kwamba limekufa. Kwa kuwa siamini ya kusikia, hata yale ninayoyatamani, nilipanda lori nikaenda kuhakikisha. Nilikuta limejaza upande mzima wa jiko lake, na majirani wawili wamesimama uzioni. Nilikula kwake, nikashiba, sikusifu mboga.

Mimi nilijenga hapa Mususa na kupanda vile vyangu sita vya Jumapili ile, ambavyo kwa kugawa na kugawa tena vimekuwa matuta manne. Mtaani vinaitwa vitunguu vya Mwalimu. Kila aliyekuja kuomba nilimpa kwa desturi yetu, nami nilipoulizwa, «Na weye, Mwalimu, nani alikupatia?», nilijibu, «Mama yangu.» Nimejibu hivyo nusu karne, kwa sauti ile ile niliyofundishia hesabu. Kuhusu lile neno la kusikia, kwamba kitunguu cha kuibwa hakichipui, nilikuwa na ushahidi wa matuta manne kwamba ni uongo, na sikuweza kumwonyesha mtu.

Kisha vita. Wengi watayaandika mambo makubwa ya vita hivi. Mimi nina moja dogo. Wasafiri walisema kwamba askari wamepiga kambi Mavivi karibu na uwanja wa ndege, na kwamba watu wametimuliwa majumbani. Nilimwuliza kila mmoja: umeona, au umesikia? Kila mmoja alikuwa amesikia. Kwa hiyo sikwenda, wala sikutuma mtu. Ukali wangu huo kuhusu ushahidi, ambao wanafunzi wangu wanaukumbuka kwa heshima, ulimwacha dada yangu, mjane mzee, atembee siku mbili kwa miguu hadi mlangoni kwangu.

Alifika mchana, miguu imevimba, mkononi hana kitu. Alipokwisha kula alianza kusimulia huku akicheka.

«Yaya, bale askari balikuya na njaa! Balikula mbuzi, balikula maharage ya mbegu, balikula bitungulu yote ya Mama. Balichimbua mpaka chini. Na mukubwa wao ananiuliza: Mama, ulitia nini mu mboga? Iko tamu sana!» Alicheka hadi akajifuta macho kwa kitenge. Halafu hakuwa akicheka tena. «Na shina mama pia, yaya. Mama alinipatia mie, na mie nimeipoteza. Imeisha.»

Nilikusanya sahani.

«Lakini weye uko na za Mama,» akasema. «Unigawie hata moja.»

Kesho yake asubuhi tulitoka bustanini. Nilichimbua fungu kubwa kuliko yote na kulitenganisha kwa vidole gumba, na alinisahihisha mara mbili. Nilishika mashina sita. Nikauliza kama inavyopaswa: «Nani anakupatia?»

«Ni weye, yaya.» Akanyoosha mkono, akanitazama usoni. «Na weye, nani alikupatia?»

Jibu la nusu karne lilikuwa tayari kinywani. Mbele yake lilikataa kutoka.

«Hapana mutu alinipatia,» nikasema. Ilikuwa lugha ya nyumbani iliyotoka, wala si ile ya darasani. «Niliiba kwako. Ile siku ya Mungu, mbele ya kuenda kanisa. Zangu zilioza, nikaziweka mu mashimo yako.»

Kavira alinisikiliza kama mtu anayesomewa barua aliyokwisha kuisoma.

«Weye mwalimu muzima,» akasema, «haukusikia nilimuambia Mama nini? Nilisema nilikusaidia. Donc, basi, nilikupatia. Lakini ungeniomba, yaya, ningekuletea na udongo yake.»

Niliinama, nikijifanya natafuta shina lililoanguka.

«Na hii,» akaongeza, akiyapima mashina mkononi, «si ni ya Mama basi? Askari hakuikula. Ilikuwa kwako inajificha.» Akayatia majani kinywani, akayauma. Kisha, huku akitema ncha: «Lakini ile samadi nilibeba saison nzima. Hiyo, yaya, utabeba.»

Nilidhani ni utani. Asubuhi iliyofuata nilikuta kikapu mlangoni pangu.

Ninyi wa rika langu mtanielewa nikisema kwamba siku zile zilikuwa bora, na mtanielewa pia nikisema kwamba sisi wenyewe hatukuwa bora. Tulikuwa na njaa ya kusifiwa kama vijana hawa wa Dubai. Tofauti ninayoiona ni kwamba wao huonea wivu viatu vinavyokwisha kabla wivu haujapoa, na sisi tulioneana wivu kwa kitu kilichokaa ardhini kikatungoja. Mjukuu wangu hataulizwa na mtu yeyote nani alimpatia viatu vyake. Namsikitikia kwa hilo, na siku nyingine namwonea wivu.

Ni mwezi wa tatu sasa tangu Kavira apande mashina yake sita katika pembe mbaya ya kiwanja changu, ile ambayo maji husimama. Nimepima, kwa maana siamini macho ya majirani. Vyangu, katika matuta manne, vinanifikia kwenye kifundo cha mguu. Vyake vinafika katikati ya ugoko, na bado vinapanda. Zile ncha alizoziuma zimenyauka lakini zipo, na ule ulimi wa katikati ni mpana kuliko zamani, kwa sababu meno yamepungua. Leo asubuhi mwanamke wa nyumba ya tatu amesimama uzioni. Nilimwendea nikijifuta mikono, maana miaka yote amekuwa akichukua vitunguu vya Mwalimu.

«Hapana, Mwalimu,» akasema, akinichungulia begani. «Minatafuta bile bitungulu bya Mama Kavira.»

Nikamwita dada yangu aje agawe. Sauti yake ya puani ilikuwa imeanza wimbo ule ule nyuma ya jiko. Nikajitwika kikapu cha samadi, nikaenda.